"Usimkumbushe"

Nyumbani nimelisikia neno hilo tangu mdogo wangu aanze kusikia sauti wasizozisikia wengine. Usimkumbushe ule usiku wezi walipovunja mlango, atachafuka tena. Basi mwaka wa kumi na moja huu anachomwa sindano kila mwezi, na kila mwezi anaulizwa yale yale: unalala? unakula? vidonge unameza? Alipatwa na nini, hakuna anayeuliza. Hata mimi sikuwahi. Na sauti yenyewe humwambia, "Wamefika mlangoni."

Sasa naishi Uholanzi, nahudumu katika nyumba ya watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na maradhi mengine mazito ya akili. Mmoja wao alikuwa akirudi kutoka kwa mwanasaikolojia na rekodi kwenye simu: sauti yake mwenyewe, amefumba macho, anasimulia alivyokuwa akipigwa utotoni kana kwamba yanatokea sasa hivi. Alitakiwa kuisikiliza kila siku. Wiki ya kwanza aliniomba nikae mlangoni, akawa anazima kila baada ya dakika mbili tatu, jasho linamtiririka. Wiki ya tano aliisikiliza mpaka mwisho, akakunja waya taratibu, akaniambia niende tu nikaendelee na kazi.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwamba atarudishwa wodini. Kumbe hata wataalamu wa huku waliogopa vivyo hivyo. Kwa miaka mingi wenye saikosisi, yaani wanaosikia au kuamini yasiyokuwepo, waliachwa nje ya tafiti za tiba ya kiwewe, lile jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Ni hapa Uholanzi ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha watu 155 wa aina hiyo. Wengine walisimulia kama yule mkazi wetu, wengine waliishika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu, vipindi 8 vya dakika 90. Waliobaki walisubiri zamu. Waliotibiwa walipata nafuu ya kiwewe kuwazidi waliosubiri, na tiba haikuwazidishia ugonjwa.

Huku nako si kwamba kila mtu anaipata. Foleni ni ndefu.

Wala sisemi ndugu wamkalishe mgonjwa sebuleni wamchokonoe. Hii ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mgonjwa mwenyewe akiwa ameridhia, na dawa zikiendelea. Lakini tumezoea kuona kila analotamka mwenye skizofrenia ni ugonjwa, hata anapotaja jambo lililotokea kweli, tena mbele ya macho yetu. Hilo linaniuma sana.

Mwezi uliopita nilimpigia mdogo wangu, nikamuuliza kama angependa siku moja kuuzungumzia ule usiku na mtu anayejua kazi hiyo. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Dada, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia: chini ya kitanda.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nawazuia wasije huko."

Nimeongea na muuguzi wake. Yuko tayari kujifunza, na ameniomba nimtumie chochote cha kusoma. Ila kliniki nzima, anasema, haina chumba kimoja chenye mlango unaofungika.