Kumtii Mzazi na Kumjali Mzazi ni Mambo Mawili

Mtoto mwema kwa wazazi wake, machoni pa watu wengi, ni yule asiyewahi kusema hapana. Amesomea alichoambiwa asomee, ameoa pale alipoonyeshwa, kila mwisho wa mwezi anatuma pesa, na akikemewa mbele za watu anainamisha kichwa ingawa naye ameshaanza kuota mvi. Mimi naona kwamba sifa hii inachanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa, yaani kumtii mzazi na kumjali mzazi, na kwamba mchanganyiko huo ndio unaozifanya familia nyingi zionekane zimeshikamana kwa nje ilhali ndani watu wanaogopana.

Hata Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China ambaye jina lake hutajwa kila mara wajibu wa mtoto kwa wazazi unapozungumziwa, hakuufundisha utii mtupu. Katika mafundisho yanayonasibishwa naye, analalamika kwamba watu wa zama zake walidhani wamemaliza wajibu kwa kuwalisha wazazi wao, wakati mbwa na farasi nao hulishwa, na kama heshima haipo, hakuna tofauti. Alikubali pia kwamba mzazi anaweza kukosea na kwamba mtoto amuonye, ila kwa upole. Fundisho hilo la pili halipendwi sana na wazazi, na nadhani sababu inajulikana.

Waliokuja baadaye walitunga visa vya watoto wa kuigwa, na humo mambo yakapita kiasi. Kimoja kinamhusu Guo Ju, mtu maskini aliyeona chakula cha nyumbani hakimtoshi mama yake, akaamua kumzika mwanawe mdogo akiwa hai. Alipokuwa akichimba shimo akakuta dhahabu, na mtoto akasalimika. Mwaka 1926 mwandishi wa China Lu Xun alieleza jinsi kisa hicho kilivyomtia hofu alipokuwa mdogo: alichelea baba yake asije akawa mtoto mwema kiasi hicho, naye akaanza kumwona bibi yake mzaa baba kama tishio. Sijaona hoja kali kuliko hiyo dhidi ya wema unaojengwa juu ya kafara, kwa sababu kafara hiyo ina mtu wa tatu ambaye hakuulizwa, naye ni mtoto aliyesimama pembeni akisikiliza.

Wanasaikolojia Kuang-Hui Yeh na Olwen Bedford, katika utafiti wao wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2003, walitenganisha sura mbili za wajibu huu. Ya kwanza inatokana na mapenzi na shukrani kwa mtu aliyekulea. Ya pili inatokana na cheo, yaani mkubwa anaamuru, mdogo anayaweka matakwa yake kando. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja, lakini athari zake hazifanani. Tafiti nyingi zilizofuata zimeihusisha sura ya kwanza na ukaribu wa kifamilia na kuridhika na maisha, ilhali ya pili, hasa inapotawala peke yake, mara nyingi imehusishwa na wasiwasi na msongo wa mawazo. Wahenga wetu walikwishasema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayetaka kujua kwa nini mtoto mmoja humkimbilia mama yake na mwingine humkimbia, aanzie hapo kabla ya kulaumu malezi ya kisasa.

Baadhi ya serikali zimejaribu kuutia wajibu huu katika sheria. Singapore ilitunga sheria mwaka 1995 inayomruhusu mzazi mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, asiyeweza kujikimu, kudai matunzo kwa watoto wake mbele ya baraza maalumu. Na kwa busara kubwa, baraza hilo linaweza kulikataa au kulipunguza dai la mzazi aliyemtelekeza au kumtesa mtoto. Sheria hiyo naiunga mkono, kwa kuwa njaa haingojei mapenzi yarejee. China ilikwenda mbali zaidi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inawataka watu wanaoishi mbali na wazee wao wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara, na siku hiyohiyo mahakama moja ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake angalau mara moja kila miezi miwili. Pesa zinaweza kuamriwa zikafika na zikafanya kazi yake. Lakini mgeni aliyeletwa na hukumu ya mahakama, anayekaa ukingoni mwa kiti huku akitazama saa, sijui anampunguzia mama upweke gani.

Lakini sura ya wajibu huu inayonikera zaidi haifiki mahakamani. Katika nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, kwa kawaida yupo mmoja, na mara nyingi ni binti au mkamwana, anayeamka usiku kumgeuza mzee ubavu asipate vidonda, anayefua shuka, anayejua kidonge kipi kinamezwa kabla ya kula. Yupo na mwingine aliye mbali, anayetuma pesa na kutoa maagizo kwa simu. Wageni wakija, mzee humsifu aliye mbali, na yule wa nyumbani, akiwa na beseni mkononi, anasikia. Huyo wa beseni ndiye anayeacha kazi na kukosa usingizi, na siku akisema amechoka huambiwa anatafuta laana. Ndugu wanaojiona wema wakae kitako wagawane usiku na siku za mapumziko kama wanavyogawana gharama, na anayelipa asidhani kwamba mchango wake umemnunulia haki ya kuamua kila kitu.

Mzee naye asisahaulike katika kugawana huko. Wapo watoto ambao kwa jina la kumtunza mzazi humhamisha nyumba, humchagulia matibabu na kumfungia pesa zake bila kumwuliza neno, kisha hushangaa amekuwa mkali. Mtu aliyeendesha kaya kwa miaka mingi hapotezi hamu ya kuamua mambo yake eti kwa sababu miguu imemchoka. Aulizwe anataka kulala chumba kipi, nani amwogeshe, na kama hospitali ile ya mbali anaitaka kweli au wanaitaka wanawe ili wasije wakasemwa.