Bikoni Chini ya Mwembe

Leo asubuhi nimekuta bikoni, ile nguzo ya zege ya wapima viwanja, pale pale ninapoweka kigoda changu. Si pembeni, si nyuma. Tabora nzima hii, wamekosa udongo mwingine wa kuchomeka zege?

Mpimaji kijana kabisa, jicho moja kwenye chombo. Nikajikohoza kiutu uzima.

"Unapima nini, kijana?"

"Shikamoo, mzee. Naomba usogee, umesimama kwenye maktaba."

Nikatazama chini. Nyasi, na kete ya bao tuliyoitafuta tangu Jumatatu. Nikaiokota, nikasogea.

"Hapo darasa la pili, mzee."

Nikasogea tena.

"Jukwaa la ngoma."

"Basi nionyeshe ulipobaki uwanja, nikasimame huko!"

Akakunjua ramani, akaizungusha mara mbili, akajikuna kichwa. "Pale kwenye kichuguu. Ila pale panachimbwa choo."

Wangeleta baa, ningepiga kelele na mtaa mzima ungeniunga mkono. Wanaleta shule! Ukipinga shule unaulizwa kama umezaa. Mkutanoni nilisema hili ni eneo la wazi, watoto wanachezea mpira. Nikajibiwa watacheza shuleni. Wapi, juu ya bati? Na pembeni eti kituo cha utamaduni na makumbusho. Makumbusho si tunayo Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872? Mara ya mwisho kuingia mle nilikuwa navaa kaptula.

Mpwa wangu akanionyesha kwenye simu: Chicago nako walipelekana mahakamani kwa ajili ya kituo cha Obama ndani ya bustani ya Jackson Park, ekari kama 19. Jengo limesimama. Sasa kama Chicago yenye mawakili wameshindwa, mimi mwenye kigoda nitamshtaki nani?

Na mjukuu wangu naye, darasani wamebanana mpaka anaandikia mgongoni kwa mwenzake. Nikimtakia darasa, nakaa juani. Nikitaka kivuli, mimi adui wa elimu. Mbona kila wakihitaji kiwanja wanakiona hiki tu? Yale mapori yao waliyozungushia ukuta miaka yote hayapimiki?

Nikabeba kigoda, nikarudi nyumbani. LUKU inalia, mama watoto ananishangaa: "Mbona mapema? Basi tengeneza banda la kuku."

Ndiyo nimetoka dukani. Hivi misumari imeanza lini kuuzwa bei hii?