Acheni kumwambia "jiamini", mwacheni arushe

Ukisimama pembeni mwa uwanja wa kikapu wa chuo chochote hapa Moshi, hutakosa kulisikia: "Jiamini! Jiamini, dogo!" Msimu huu nimelisikia tangu Novemba, mvua za vuli zikitufukuza uwanjani, mpaka Juni hii ya baridi na mawingu. Na kadiri ninavyolisikia ndivyo ninavyozidi kuona kwamba halimsaidii kijana anayepigiwa kelele.

Nina mfano wa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, shuta, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kurusha kwenye ringi kutoka mbali. Jina lake silitaji. Kazi yangu kwenye timu ni ndogo: nakaa mezani na daftari, naandika mitupo ya kila mchezaji. Ulioingia naweka vema, uliotoka naweka kosa, kama mwalimu anavyosahihisha hesabu. Karatasi ya mechi huandika pointi zilizopatikana. Daftari langu linaandika na zile zilizopotea.

Alitoka wilaya ya Same, na sifa zake zilifika kabla yake. Mwenzetu aliyekutana naye kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, alituapia: "Huyo akisimama kwenye mstari, hesabu tatu." Basi wiki mbili za kwanza za mazoezi hakuna kilichoingia. Mpira unagonga chuma cha mbele, unarudi. Chuma cha mbele tena. Tena cha mbele. Wenzake wakaanza kutazamana, na kutoka pembeni likaanza lile neno.

Jioni moja alibaki nyuma, nami nikabaki kumwokotea mipira. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hivi mkono wangu umeharibika?"

Nikamuuliza alikuwa anarushia wapi huko alikotoka. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Akanielezea uwanja wa shule yao: saruji iliyopasuka, ringi mbili, moja nzima na nyingine imeinama mbele kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiining'inia. Ile nzima ilikuwa ya wakubwa. Yeye tangu kidato cha kwanza alirushia ile iliyoinama. Na mstari wa pointi tatu ulikuwa ule wa zamani wa mita 6.25, haujapakwa upya tangu FIBA, shirikisho la kikapu duniani, iusogeze hadi mita 6.75 mwaka 2010.

Hapo nikaelewa. Ringi ina upana wa sentimita 45, na mpira wa wanaume una kama 24. Mpira ukishuka kwa pembe ya digrii 45, mdomo wa ringi mbele yake ni kama sentimita 32, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Ukienda bapa, kwa digrii 30, mdomo huo unabaki sentimita 22 na ushee, na mpira wa sentimita 24 haupiti hapo bila kugusa chuma. Ila ringi iliyoinama mbele inakuwa kama inamtazama mrushaji usoni, na mpira bapa inaumeza vizuri tu. Kijana alikuwa amejifunza mtupo sahihi kabisa kwa ringi ile. Kaja nao kwenye ringi iliyonyooka, nusu mita nyuma zaidi, halafu tunamwambia ajiamini!

Dawa aliyopewa na mwalimu wetu haikuhitaji kelele. Arudi karibu, hatua mbili kutoka kwenye ringi, arushe kwa mkono mmoja, juu, juu zaidi, mpaka mpira ushuke katikati bila kugusa chochote. Ringi yetu ya upande wa mlimani haina nyavu, kwa hiyo mtupo safi pale hausikiki. Unasikia mpira ukidunda chini, basi. Kila jioni saa kumi na moja alikuwa pale, anapangusa vumbi kwenye soli za raba kwa kiganja, anapangusa kiganja kwenye bukta, anauzungusha mpira mpaka vidole vipate mshono, kwa sababu mpira wetu umelainika na kwingine kote unateleza. Anarusha. Ngwaa, chuma. Anarusha. Ngwaa. Anarusha, kimya. Alipofikisha kimya kumi mfululizo ndipo alipiga hatua moja nyuma. Ilimchukua mpaka baada ya Krismasi kufika kwenye mstari wa pointi tatu, na alipofika mtupo ulikuwa umepona.

Macho ndiyo yalikuwa bado. Kila akirusha kwenye mechi, kabla mpira haujafika kwenye ringi, anageuka kutazama benchi. Nikaanza kuweka alama ya tatu kwenye daftari, nukta, kwa kila mtupo uliofuatwa na jicho la benchi. Kurasa za Januari na Februari zimejaa nukta kama zimeota upele.

Nayajua macho yale kwa sababu yalikuwa yangu. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye chuo ambacho sitakitaja, nilikosa mitupo miwili mwanzoni mwa mechi, nikatolewa, na kocha akasema mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mchezaji wa mazoezini. Miaka iliyobaki nilipiga pasi. Niko peke yangu, mkabaji yuko mita tatu, napiga pasi. Na hakuna aliyeniita mwoga, waliniita mchezaji wa timu. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo niwaseme makocha, kwa heshima yote. Kikapu kinaruhusu mchezaji kutoka na kurudi mara yoyote, tofauti na soka, na urahisi huo ndio unaotuponza. Kijana akikosa mara mbili tunamtoa "apumzike kidogo", na sisi tunaona si kitu kwa kuwa atarudi. Yeye haoni hivyo. Yeye ameelewa kwamba kila mtupo ni mtihani wa kubaki uwanjani.

Tufanye hesabu. Shuta anayeingiza mitupo 40 kati ya 100 ya pointi tatu ni shuta mzuri popote duniani. Kijana huyo huyo, akiwa mzima wa afya na hana tatizo lolote, katika kila mechi tano kuna kama moja atakayoianza kwa kukosa mitatu mfululizo. Ni sita ya kumi, mara sita ya kumi, mara sita ya kumi. Kocha anayemtoa baada ya mitupo mitatu hajagundua kwamba "leo hayuko vizuri". Amekutana na hesabu tu. Na mitupo minne kati ya kumi inaleta pointi 12, wakati anayerusha za pointi mbili akiingiza nusu analeta 10. Mitupo sita iliyopotea ni gharama ya zile pointi 12.

Vijana wetu wote wanamfahamu Stephen Curry, shuta maarufu wa Marekani, ila wanamfahamu kwa vipande vya video kwenye simu, na huko hakosi. Mechi yake ya kwanza kwenye chuo chake, Davidson College, Novemba 2006, alipoteza mpira mara 13. Mara 13! Kocha wake, Bob McKillop, akampanga tena mechi iliyofuata dhidi ya chuo cha Michigan, akafunga pointi 32. Alimaliza msimu ule na mitupo 122 ya pointi tatu, ambayo hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza kwenye vyuo vya daraja la juu Marekani aliyekuwa ameifikisha. Najiuliza ni wangapi hapa kwetu wameshapata mechi yao ya kwanza kama ile, wasipate ya pili.

Tena tuna mazoea ya kutafuta urefu. Tangu Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, achaguliwe wa pili kwenye drafti ya NBA, pale ligi ya kulipwa ya Marekani inapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009, kijana mrefu hapiti mtaani bila kuulizwa kama anacheza kikapu, na ni jambo jema. Shuta hana alama ya kumtambulisha barabarani. Huyu wetu ni wa kimo cha kawaida, ukikutana naye stendi hutageuka. Hakuna namna ya kumjua isipokuwa kumwacha arushe, na kumwacha akose.

Najua mwenye timu ya chuo hana mechi nyingi za kuchezea, na kufungwa mara moja kunaweza kuwarudisha nyumbani. Wala sisemi shuta asitolewe. Akilala kwenye ulinzi, mtoe hata dakika ya pili, na amwone mwenzake anavyokaba. Ila asitolewe kwa kukosa mtupo mlioukubaliana kuwa ni wake.

Mwalimu wetu alifanya jambo ambalo ningependa kila mwalimu alifanye. Mwezi Machi, kabla ya mechi ya kirafiki, alimwita pembeni akamwambia: "Leo una mitupo kumi. Hata yote ikitoka, sikutoi mpaka umeimaliza. Pasi utapiga ukiwa umekabwa. Ukiwa huru ukapiga pasi, hapo ndipo nakutoa." Siku ile aliingiza miwili. Mechi iliyofuata akaambiwa vile vile. Iliyofuata, vile vile.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na wageni. Manyunyu tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, na kabla ya mechi tulisukuma maji uwanjani kwa mafagio. Robo ya kwanza alikosa mitatu. Nikamtazama mwalimu: amekunja mikono, hajamwinua mtu benchi. Hata hivyo mkabaji wao alikuwa ameshaanza kumfuata mpaka nje ya mstari, na mrefu wetu chini ya ringi akapata nafasi, akafunga mara mbili bila kusumbuliwa. Pointi hizo haziko kwenye safu ya yule kijana, lakini natamani kungekuwa na namna ya kuziandika.

Mtupo wa nne ulikuwa wa pembeni kushoto, upande wa ile ringi isiyo na nyavu. Kimya. Wachezaji wa benchi walisimama wote.

Wa tano aliurusha hatua moja nyuma ya mstari. Mpira ukagonga chuma cha nyuma, ukaruka juu, wageni wakaudaka. Nikaandika kosa, nikainua macho kumtafuta nikiwa nimeshika kalamu tayari kwa nukta. Alikuwa ameshafika nusu ya uwanja, anakimbia kurudi kulinda, ananyoosha kidole kumwonyesha mwenzake mtu wa kukaba. Mpaka robo inaisha hakuwa ametazama benchi hata mara moja.