Gemu bora za PS2: Winning Eleven ikae wapi?

Kila ninapofungua orodha ya gemu bora za PlayStation 2, majina ya juu huwa nayajua kabla sijayasoma. Grand Theft Auto: San Andreas itakuwepo, Shadow of the Colossus itakuwepo, na Metal Gear Solid 3, na Resident Evil 4, na mojawapo ya God of War mbili. Mpangilio hubadilika, majina ni yale yale. Kisha nashuka, kumi bora, ishirini, thelathini, nikiitafuta Winning Eleven, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami. Mara nyingi naikuta imebanwa huko chini, arobaini na ushei. Katika orodha nyingi za Kimarekani siikuti kabisa.

Kwa aliyeijua PS2 katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hilo ni gumu kulimeza. Banda letu lilikuwa na TV sita za chogo, na saa kumi jioni tano kati yake zilikuwa na mpira. Wenzangu wengi hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: wanaoandika orodha hizo hawajui gemu. Mimi siamini hivyo. Nadhani wao na sisi tulikuwa na mashine moja lakini hatukuwa tukifanya nayo kitu kimoja, na kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa pili, hilo ndilo la kuangalia.

Tuanze na hoja yao, maana ni nzito. PS2 iliingia sokoni Japani Machi 2000, na hadi uzalishaji unasimama mwanzoni mwa 2013 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155. Ndani yake kulikuwa na memori ya megabaiti 32 tu. Chukua kiasi hicho kidogo, kisha tazama walichokifanya watengenezaji wa San Andreas, Rockstar, mwaka 2004: miji mitatu mizima, mashamba, jangwa na mlima, vyote ndani ya DVD moja, na mhusika mkuu, CJ, anayenenepa akila sana na kujazia misuli akienda jimu. Au tazama alichokifanya Fumito Ueda na timu yake mwaka uliofuata katika Shadow of the Colossus. Unapanda farasi katika nchi tupu isiyo na mji, isiyo na duka, isiyo na adui mdogo hata mmoja. Kuna majitu 16, basi. Kazi yako ni kuyatafuta na kuyaua, na kila moja linapoanguka unazidi kujiuliza kama kweli uko upande wa haki. Mashine ilizidiwa, picha zilikuwa zikikwama majitu yanapojitikisa. Lakini mwaka 2018 gemu hiyo ilipotengenezwa upya kwa ajili ya PlayStation 4, walibadilisha sura yake, na mchezo wenyewe ukabaki karibu kama ulivyokuwa. Haukuwa umezeeka.

Metal Gear Solid 3 nayo ina ujasiri ambao sijauona kwingine. Ni mwaka 1964, uko katika msitu wa Kisovieti, una njaa, unakamata nyoka ule. Kuna mdunguaji mzee sana anayeitwa The End. Ukihifadhi mchezo katikati ya pambano lake ukakaa wiki nzima bila kurudi, ukija unamkuta amekufa kwa uzee. Mtu aliyefikiria jambo kama hilo anastahili heshima zote anazopewa.

Sasa ipeleke gemu hiyo bandani.

Inaanza kwa maongezi marefu, tena ya Kiingereza cha kijeshi, na TV tano za jirani zimefunguliwa sauti hadi mwisho. Kuna mahali unaweka pedi chini na kutazama kama unavyotazama filamu, dakika baada ya dakika, huku muda uliolipia ukikatika. Pesa inaisha hujatambaa hata kwenye majani. Na kuhifadhi? Kadi ya memori ilikuwa ya mwenye banda, megabaiti 8, na mtaa mzima ulihifadhi humo. Katika Shadow of the Colossus nilifika jitu la kumi na moja, nikarudi Jumamosi nikakuta mtu amehifadhi yake juu ya yangu. Sikuigusa tena hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye mashine yangu mwenyewe, na ndipo nilipoelewa watu walikuwa wakisifia nini.

Winning Eleven haikuwa na tatizo hilo hata moja. Unaweka mechi ya dakika kumi, mwenye banda anajua hesabu yake na wewe unajua yako. Mashine ina matundu mawili ya pedi, kwa hiyo wawili wanacheza, aliyefungwa anaachia, aliye kwenye foleni anakaa. Hakuna simulizi ya kupotea wala kadi ya kufutwa. Tekken 5 ya mapigano na ile SmackDown ya mieleka ya 2003 zilipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Orodha za wachambuzi ziliandikwa na watu waliokuwa na mashine nyumbani, mlango umefungwa, wikiendi nzima mbele yao. Yetu iliandikwa kwenye benchi, kwa zamu.

Hapa wapo wanaojibu, na jibu lao si la kupuuza: basi mnasifia mazingira, hamsifii gemu. Mpira ulitawala kwa sababu ulilingana na malipo ya bandani, kama ambavyo chapati huuzika stendi kwa kuwa abiria ana haraka. Hiyo haiifanyi kuwa kazi bora.

Ningekubali, isingekuwa FIFA, gemu ya mpira iliyoshindana na Winning. FIFA ilikuwepo bandani, kwa bei ile ile, dakika zile zile, TV ile ile. Tena ilikuwa na majina halisi na jezi halisi, wakati kwa Konami Manchester United iliwahi kuitwa Man Red na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Mazingira yote yalikuwa sawa, na upande wa majina FIFA ilishinda. Bado CD yake ilikaa kwenye kasha. Kwa hiyo malipo ya bandani yanaeleza kwa nini tulicheza mpira. Hayaelezi kwa nini tulicheza mpira huu.

Kinachoeleza ni mchezo wenyewe. Katika Winning mpira haukuwa umegandishwa mguuni. Ulikuwa kitu peke yake, unaodunda, unaogonga goti, unaomkimbia mtu aliyeupokea vibaya. Pasi ya kupenyeza, ile ya kitufe cha pembetatu, ilikuwa na wakati wake: ukiipiga mapema beki anaikata, ukichelewa mshambuliaji ameshaotea. Mtoto wa miaka tisa alijifunza vitufe vinne kwa siku moja, na kaka yake aliyecheza miaka mitano bado alikuwa akigundua mambo. Sijui sifa nyingine ya gemu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Orodha zinazotegemea namba hazitusaidii. San Andreas inatajwa kuwa iliyouzwa kuliko zote kwenye PS2, zaidi ya nakala milioni 17. Sawa. Lakini karibu kila mashine niliyowahi kuishika ilikuwa imechipiwa, yaani imewekewa chipu ya kusoma CD zisizo halisi, na kila CD ilikuwa ya kunakiliwa. Mapenzi ya mabanda yetu hayamo katika hesabu hiyo, wala ya San Andreas yenyewe, ambayo misimbo yake ya siri (cheats) tuliinakili kwenye daftari za shule. Wastani wa alama za wachambuzi nao una mambo yake: kileleni kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama hizo, zipo mbili zenye 97, na moja ni Tony Hawk's Pro Skater 3. Ni gemu safi, lakini hata Wamarekani wenyewe leo ni wachache wanaoiweka ya kwanza.

Hoja ninayoiona ngumu kweli dhidi ya Winning ni ya matoleo. Ilitoka kila mwaka, na jipya lililifuta la zamani. Shadow of the Colossus haifutwi na kitu. Hata hivyo, tazama Brazil: watu walichukua toleo la 2006 wakaligeuza kuwa Bomba Patch, wakawa wanalibadilishia vikosi, jezi na sauti za watangazaji mwaka baada ya mwaka, kwenye PS2 ile ile. Huku kwetu pia CD zilizofanyiwa marekebisho zilizunguka muda mrefu baada ya PlayStation 3 kufika. Gemu iliyofutwa haifanyiwi hivyo.

Kwa hiyo mimi napanga hivi. San Andreas ya kwanza, kwa sababu ni yenyewe tu iliyoshinda kotekote, chumbani na bandani. Hata asiyefuata misheni alilipia muda wake akazurura na akaridhika. Winning Eleven ya pili. Shadow of the Colossus ya tatu, na naiweka hapo nikiwa na kinyongo kidogo na ile kadi ya memori. Metal Gear Solid 3 ya nne, kisha God of War II, iliyotoka 2007 PlayStation 3 ikiwa tayari madukani na bado ikawafanya watu wabaki na mashine ya zamani.

Na Winning ipi? Ya 2005, ambayo Ulaya iliitwa Pro Evolution Soccer 5, ina ulinzi mgumu zaidi, lakini refa wake anapuliza filimbi kwa kila mguso. Nachagua ya 2006, yaani Pro Evolution Soccer 6. Mechi inatiririka, na kosa lake kubwa ni moja tu: Adriano, mshambuliaji wa Inter, na lile guu la kushoto lisilozuilika. Bandani kwetu mwenye banda aliipiga Inter marufuku siku za mashindano, na hakuna aliyelalamika.