Silikoni au mpira: maji yanayotona kwenye maegesho ya Kampala

Egesha gari chini ya slabu (sakafu ya zege) inayovuja katikati ya Kampala, msimu wa Machi hadi Mei, na ukirudi utakuta mistari myeupe kwenye kioo cha mbele. Si ndege. Ni maji yaliyopenya kwenye kiungio cha kutanukia, yakazoa chokaa ya zege njiani, na yakikaukia kwenye bodi hula rangi ya gari. Askari ana dawa yake: beseni.

Kiungio hicho ni ufa wa makusudi. Slabu ya mita 50 ikizidi joto kwa nyuzi 20 hurefuka kama milimita 10, na lazima ipate pa kwendea. Ubishi upo kwenye cha kuzibia. Mwenye jengo anasema fundi aje na silikoni, ikichanika arudi mwakani. Mhandisi anataka mpira maalumu wa kiwandani unaobanwa kwa vyuma pande zote mbili, wa kuagiza nje.

Simcheki mwenye jengo. Mfano wa kutisha ni Algo Centre, jengo la maduka la Elliot Lake, Kanada, lenye maegesho juu ya paa. Lilivuja tangu lilipofunguliwa 1980 mpaka tarehe 23 Juni 2012, sehemu ya paa ilipoporomoka na kuua watu wawili. Lakini kule magari huingia na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ndiyo iliyotafuna vyuma. Kampala haina theluji. Nondo zetu nazo hushika kutu, ila si kwa kasi hiyo.

Shida ni jinsi silikoni inavyowekwa. Za kawaida huvumilia kama robo ya upana wa mwanya: mwanya wa milimita 20, mvutano wa milimita 5. Sasa fundi anakuja saa saba mchana, slabu imetanuka, mwanya umebana. Anajaza juu ya vumbi, analainisha kwa kidole, anaondoka. Usiku mvua inashuka, zege linapoa, mwanya unafunguka, na silikoni inabanduka ukingo mmoja. Kwa macho huoni kitu mpaka uinamie. Angekuja asubuhi, akapiga brashi, akatanguliza kamba ya sponji ili silikoni ishike kuta mbili tu na isigande chini, ingedumu.

Na mpira wa bei mbaya hauponyi uzembe. Ukikatwa kabla haujafika ukutani na kupanda nao, maji yatapita hapo hapo pembeni.

Mimi napima kwa swali moja: mkono utafika tena? Maegesho ya wazi unayaona, unang'oa, unajaza upya. Silikoni inatosha, mradi yupo mtu anayelipwa kuikagua kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Lakini uwanja wa mbele ya jengo, wenye tofali za sakafu na bustani juu ya maduka, umekizika kiungio. Maji hutambaa chini ya tofali yakatokea mita kadhaa mbali, juu ya marobota ya vitenge ya mama asiyehusika, na kuyatafuta ni kufukua kila kitu. Hapo mhandisi asikilizwe, hata kama ushuru unauma. Tena kabla ya kupanga tofali, zungushia kingo, jaza maji ya sentimita 5, yaache saa 24, na mtu ashuke chini na chaki kuweka alama kila panapotona.