Saisi Akisema Bado

Mdogo wangu alinipigia simu mwezi wa pili, saa tano usiku kwa saa za Njoro, Kenya. Huku Gloucestershire, Uingereza, ilikuwa saa mbili, nimetoka kuwavisha farasi blanketi zao za usiku na vidole vimekufa ganzi. Hata salamu hakumaliza.

"Kaka, huyu farasi amekataa kuvuka mtaro tena. Bosi anasema kesho nitumie mjeledi. Mashindano ya Nairobi ni wiki mbili zijazo na kiingilio ameshalipa."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Meno ya pembeni bado ni ya utoto."

"Na wewe unaonaje?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi naona bado. Lakini mimi ni nani?"

Neno hilo la mwisho limekaa nami tangu siku ile. Mimi na yeye tulilelewa na saisi, mtunza farasi. Baba yetu alihudumia farasi wa watu katika mashamba ya Njoro na Molo mpaka magoti yakamkataa, na sisi wanawe tukaingia katika kazi hiyohiyo. Mimi mwaka huu ni wa saba nikiifanya Uingereza. Farasi ni walewale, samadi ni ileile. Kinachotofautiana ni nani anayesikilizwa anaposema farasi hajawa tayari.

Kwa wasioujua mchezo huu: iventingi ni farasi mmoja na mpandaji mmoja katika mitihani mitatu. Kwanza dresaji, ambapo farasi huonyesha utulivu na utii uwanjani, majaji wakimpa alama kwa kila mwendo. Halafu krosikantri, mbio za mashambani juu ya magogo, mitaro, kingo za udongo na madimbwi. Mwisho ni kuruka ile miti ya rangi ambayo huanguka ikiguswa. Mchezo ulianza kama kipimo cha farasi wa jeshi na uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm. Hesabu yake ni ya adhabu: mti ukianguka ni 4, kila sekunde unayochelewa kwenye krosikantri ni 0.4, na farasi akikataa kizuizi huko mara ya kwanza ni 20. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi.

Itazame hiyo 20. Farasi akikataa mtaro mara moja tu, siku yako imekwisha. Ndiyo sababu mjeledi haukai mbali.

Lakini farasi haoni kilicho chini ya pua yake. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, na mbele kabisa kuna sehemu iliyo giza kwake. Akifika ukingoni mwa mtaro, au mbele ya dimbwi ambalo hajui kina chake, anaombwa aweke mwili wake mahali asipopaona. Farasi mzee hufanya hivyo kwa sababu amevuka mia na hakuna uliomla. Wa miaka minne hana kumbukumbu hiyo. Ukimchapa pale, anachojifunza ni kwamba mitaro inauma, na somo hilo utalilipia miaka yote ya uhai wake.

Na mwili wake wenyewe bado unajengwa. Mifupa ya miguu hukomaa mapema kidogo, lakini uti wa mgongo, pale pale unapoweka tandiko, hukomaa mwisho kabisa, akiwa na miaka mitano unusu hivi au sita. Huku nilipo, mwanafarasi wa miaka mitatu hufundishwa kuzunguka kwa kamba ndefu, akazoea lijamu na uzito wa mtu kwa wiki chache, kisha akaachiliwa malishoni miezi kadhaa asiguswe. Mara ya kwanza nilidhani wamemsahau. Siku moja nikamuuliza bosi wangu, mama mmoja aliyeanza kupanda kabla mimi sijazaliwa, kama nimrudishe kazini. Akaniambia, "Huyo yuko kazini. Anakua."

Ratiba ya mashindano nayo imepangwa kwa umri. Wa miaka minne na mitano wana mashindano yao, ambayo fainali hufanyika Burghley, hapa Uingereza, mwezi wa tisa, na humo jaji hatafuti farasi aliyeruka juu zaidi. Anatazama umbo, mwendo, jinsi anavyokwenda shoti, na kama ana moyo wa kazi itakayokuja baadaye. Wa sita na wa saba wana mashindano yao ya dunia huko Le Lion d'Angers, Ufaransa. Na ile ngazi ya juu kabisa, ya nyota tano, farasi hakanyagi kabla ya kufika miaka minane. Sheria hizo zimeandikwa, hazitegemei huruma ya mwenye farasi.

Kwetu farasi wengi wa michezo walizaliwa kwa ajili ya mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi. Thoroughbred, farasi wa nasaba ya mbio, anawekewa tandiko angali mtoto, anakimbia, akishindwa kuleta pesa anauzwa aende polo au kuruka. Anapofika Njoro au Gilgil anajua jambo moja tu maishani, kukaza mbio upande mmoja pamoja na wenzake. Kumfundisha upya ni kazi ya mwaka mzima na zaidi, nayo huangukia mikono ya saisi. Yeye ndiye anayemzungusha kwa kamba alfajiri na kumtuliza akisikia honi ya lori. Jumamosi anampiga brashi mpaka ang'ae, anamsuka nywele za shingo, anamshika hatamu, halafu mtu mwingine anapanda.

Sina kinyongo na anayepanda. Farasi ni wake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeijua miguu ya farasi siku 364 hawezi kuwa bubu siku ya 365.

Niseme na langu, maana lisipotoka hapa litaniozea moyoni. Kabla sijaondoka nyumbani, katika shamba moja ambalo sitalitaja, nilikuwa na farasi maksai wa miaka minne, rangi ya kahawia, mpole mno. Ijumaa jioni nilipitisha kiganja kwenye mguu wake wa mbele wa kushoto nikasikia joto nyuma ya mfupa, kwenye kano. Joto dogo, kama kikombe cha chai kilichoachwa mezani. Baba alitufundisha kuligusa joto hilo tukiwa watoto, hata kabla ya kutufundisha kufunga fundo. Nilimwambia mkubwa wa zizi. Akasema ni jua. Nilijua si jua. Niliinamisha kichwa nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na mke mjamzito na mshahara ulikuwa wiki moja mbele. Jumamosi alikimbia, na kwenye kizuizi cha kumi na moja kano ikachanika. Hakupanda kilima tena. Mimi nilijua tangu Ijumaa.

Mwaka wangu wa kwanza huku, joto lilelile likarudi chini ya kiganja changu, safari hii kwa farasi jike wa miaka mitano, usiku wa kuamkia mashindano. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Nilisimama bandani muda mrefu, nikitafuta maneno, moyo unanidunda kama mwizi. Hatimaye nikamwambia msimamizi wetu, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alikuja na tochi, akagusa mguu, akagusa wa pili kulinganisha, akasema, "Umesema kweli. Haendi." Akapiga simu moja. Kiingilio kikapotea, na daktari wa mifugo akaja asubuhi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Niliingia chumba cha matandiko nikajifungia, nikamlilia yule maksai wa kahawia.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoipima. Mshahara nao upo: Aprili 2025 kiwango cha chini cha mtu mzima huku kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa, na tunaohudumia farasi hatuko mbali sana na hapo, kwa hiyo anayedhani tunaogelea kwenye pesa aulize kodi ya nyumba kwanza. Katika mchezo huu wanawake na wanaume hushindana pamoja bila kutenganishwa, na kazi ya mabanda huku imejaa wasichana. Nilipomwambia Baba kwamba msimamizi wangu ni binti, alicheka, kisha akauliza, "Anajua kwato?" Nikamwambia anajua. Akasema, "Basi msikilize."

Lakini si kila kitu cha huku ni cha kuigwa. Majira ya baridi jua hutoka saa mbili asubuhi na saa kumi jioni giza linaanza kuingia. Farasi wengi hushinda wamefungiwa, na mwanafarasi anakua bila kuiona dunia. Nimewahi kumshika farasi wa miaka mitano wa bei kubwa ambaye mfuko wa plastiki kwenye ua ulimfanya asimame kwa miguu ya nyuma. Wa Njoro angekuwa ameshaona yote: bodaboda yenye magunia matatu ya viazi, trekta ya kuvuna ngano, ng'ombe mia barabarani, watoto wa shule wakikimbia na makopo, vumbi la Januari kutoka upande wa Menengai. Jua letu ni saa kumi na mbili kila siku, mwaka mzima. Mwinuko wa Molo unajenga mapafu. Vilima vinajenga mgongo bila mtu kupiga kelele. Nikipewa mwanafarasi mmoja nichague mahali pa kumlea mpaka miaka minne, ningemlea kwetu, malishoni, pamoja na wenziwe, kwenye nyasi za boma rodes. Wala sitanii.

Na hapa nao wapo wanaoharakisha. Farasi wa miaka sita anayeshinda huuzwa bei nzuri, na bei hiyo imevunja wengi.

Kikwazo chetu kikubwa ni ugonjwa. Homa ya farasi ya Afrika huletwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na farasi asiye na kinga anaweza kufa katika siku chache. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, na Nakuru pundamilia ni majirani zetu. Kwa hiyo tunachanja kila mwaka, na farasi wa Kenya hapakiwi tu ndege kwenda Ulaya. Anayetaka kushindana Ufaransa au Uingereza hulazimika kutafuta farasi hukohuko. Upande wa mama yangu, karibu na bonde la Lambwe, mbung'o walikuwa wakiua mifugo kwa ugonjwa wa nagana, ndiyo maana huko farasi ni kitu cha kupigwa picha. Mambo hayo hatuyawezi kwa matamko. Kumsikiliza saisi tunakuweza leo, na hakuhitaji chanjo wala ndege.

Njoro ina historia ya farasi ambayo wengi wetu hatuifikirii. Beryl Markham, aliyeruka peke yake juu ya Atlantiki mwaka 1936, alikulia hapo katika shamba la baba yake lililojaa farasi wa mbio, akawa mfundishaji wa farasi angali msichana. Kando yake alikuwa arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyefanya naye kazi mabandani. Jina lake tunalijua. Baada yake, miaka yote hii, ni saisi gani wa Nakuru ambaye jina lake linajulikana nje ya geti la shamba? Baba yangu ameacha farasi kadhaa waliopewa vikombe. Vikombe viko kwenye kabati za watu. Yeye ana fimbo na magoti mabovu.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Mwenye farasi aandike kwamba saisi akisema mguu una joto, farasi haendi mpaka daktari aseme. Asipate hasara ya mshahara kwa kusema. Na saisi mwenye uwezo apande mwenyewe farasi mchanga katika mashindano madogo ya kwanza, kwa sababu farasi atavuka mtaro na mtu anayemwamini upesi kuliko na mgeni wa Jumamosi.

Usiku ule nilimwambia mdogo wangu asiguse mjeledi, amwambie bosi kwa heshima lakini wazi kwamba farasi hajawa tayari, na atafute farasi mzee wa kumtangulia mtaroni. Huku ndivyo tunavyofanya: mzee anavuka, mchanga anafuata mkia. Akanijibu kwamba shambani hakuna mzee, wote ni wachanga au wagonjwa.

Siku nne baadaye alinitumia video. Mtaro ni ule wa maji ya mvua, nyuma ya shamba la mahindi. Mbele yuko punda wa jirani, mwenye madumu mawili ya maji ubavuni, anauvuka kama anavyouvuka kila siku tangu azaliwe. Nyuma yake farasi amesimama, shingo chini, anapuliza pua. Kamba imelegea mkononi mwa mdogo wangu. Sekunde kumi, ishirini, hakuna anayesema kitu. Kando, mwenye shamba ameweka mikono mfukoni. Kisha masikio ya farasi yanaelekea mbele, na anavuka.