Mtoto akisema "alinichezea"

Mimi ni mkalimani wa mahakamani, hapa Malindi ndiko kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mahakama moja ya Pwani ambayo sitaitaja, alipanda kizimbani mtoto wa kike wa miaka minane. Ukingo wa mbao ulimfika kidevuni. Alikuwa ameshika pindo la leso aliyopewa na mamake, analikunja na kulikunjua mpaka nyuzi zikaanza kuchomoka. Akaulizwa mshtakiwa alimfanya nini. Akasema, "Alinichezea."

Nikatafsiri lilivyokuja, kwamba alicheza naye. Hakimu akaandika kwa Kiingereza. Wakili wa utetezi hakuchelewa: kumbe mlikuwa mkicheza? Mtoto akaitika ndiyo. Ameulizwa na mtu mzima, na kwetu mtoto hafunzwi kumbishia mtu mzima.

Neno hilo limenikaa kooni hadi leo. Mzazi yeyote wa huku anajua lina maana gani mtoto akilitamka kwa sauti ile, macho yako chini. "Tabia mbaya", jina ambalo watoto huitia ngono, mahakama zetu zimeshaizoea. "Kuchezea" lina sura mbili, nami nikaipeleka ile isiyo na uchungu.

Aliyekosekana siku ile ni mwanasaikolojia wa mahakama, mtaalamu wa akili na tabia za watu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imemfungulia mlango: shahidi dhaifu, kama mtoto, anaweza kupewa mtu wa kumsemea, na mwanasaikolojia ametajwa waziwazi miongoni mwa wanaofaa. Tena kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mshtakiwa wa kesi kama hizi atiwe hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi mahakama iandike sababu za kuridhika kwamba anasema kweli. Utaridhika vipi, ikiwa hujui kwamba mtoto aliyeumizwa anaweza kusimulia bila chozi, au hata akacheka? Asiyejua atamwona mwongo.

Mshtakiwa naye anamhitaji mtaalamu huyu. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kasi gani. Walioulizwa kwa neno zito, kama yalipobamizana, walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno jepesi. Hao ni watu wazima, hawana hofu yoyote. Sasa mfikirie mtoto aliyeulizwa na mama, akaulizwa na shangazi, na mwalimu, na chifu, na polisi, kila mmoja na neno lake, kabla hajafika kizimbani. Angeulizwa mapema, na mtu mmoja anayejua kuuliza bila kumtia maneno mdomoni, haki ingekuwa karibu zaidi kwa pande zote mbili.

Sisi tumezoea kumwita mtaalamu wa akili kwa swali moja tu: ana wazimu au hana? Mwanzoni mwa 2024, washtakiwa wa Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, walipoletwa Mahakama Kuu ya Malindi, iliagizwa wapimwe akili kwanza ndipo wajibu mashtaka ya kuua watoto 191. Vyema. Lakini Juni 2023, manusura 65 wa msitu uleule walifikishwa mahakamani kwa jaribio la kujiua, kwa sababu walikataa kula katika kituo walikohifadhiwa. Jambo hilo liliniuma sana. Mtu aliyeaminishwa kwamba kufa njaa ndiyo njia ya kumfikia Mola wake, na kwamba serikali ni adui, ukimpandisha kizimbani umemthibitishia kila alichoambiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba. Nilishukuru, ila wale walikuwa wameshapita pale.

Na nasisitiza, mwanasaikolojia huyo wa mahakama awe mtu anayeijua Pwani. Bibi akisema ana pepo na pepo wake anataka uvumba, hilo peke yake si ugonjwa, wala halimwondolei mtu jukumu la alichotenda. Mgeni anaweza kuliandika kama wazimu, na karatasi yake ikamfunga au kumwachilia mtu. Tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, kwa hiyo taaluma yenyewe inatambulika. Ninachoomba ni mtu huyu awe na ofisi Malindi, Garsen na Lamu, ili mama anayepanda boti na mwanawe kutoka Faza amkute palepale mahakamani.

Siku hizi nikisikia neno la sura mbili, huomba ruhusa nieleze maana zote kabla halijaandikwa. Kuna mahakimu wanaokubali. Wengine huniambia nitafsiri tu, nami hutafsiri.